Tumbo la Mama Padre Mbele ya Mashine

Wanangu mnaosomea kazi ya picha, nimeambiwa siku hizi mnatembea na mashine ya ultrasaundi mfukoni, mnaichomeka kwenye simu, mnaipitisha tumboni kwa mtu huku mnajibu ujumbe wa mchumba. Hongereni. Yetu ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo, feni yake ilinguruma siku nzima, na umeme ukikatika mgonjwa alibaki na jeli tumboni akitutazama kana kwamba tumemwibia. Lakini tumbo ni lile lile. Na mwenye tumbo ni yule yule: mwongo kidogo, mwenye aibu, anayependa kupendeza. Habari za mashine mtafundishwa na wengine. Mimi nataka niwaambie habari za huyo mwenye tumbo.

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa hospitali ya misheni, nilikofanya kazi tangu sijaolewa hadi nikawa bibi. Waliniaga kwa misa, wimbo na blanketi. Mara ya pili ilikuwa kituo cha Bwana Festo hapa mtaa wa Mfaranyaki, Songea, ambako waliniaga kwa kusahau kwamba naondoka. Haya ninayowasimulia yalitokea huko kwa Festo.

Bwana Festo alikuwa muuza mbolea. Sisemi kwa dharau, mbolea yake imelisha watu wengi. Ila alikwenda Dar kwenye harusi, akarudi na habari kwamba kule watu wananyonywa mafuta ya tumbo kwa mrija na wanalipa huku wakicheka. Akatutazama sisi wa Songea, tulionenepa kwa mahindi yaliyokuzwa na mbolea yake, akaona wateja wake ni wale wale, wamekuja tu kwa upande mwingine. Kabla hata hajanunua kitanda cha upasuaji alitundika bango: TUMBO FLATI, UGALI PALEPALE. Juu ya bango kulikuwa na mzungu mwembamba anayechekea bakuli la majani. Chini, kwa sababu mchora mabango hakuwa na picha nyingine ya ultrasaundi, aliweka kichanga kilichojikunja tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo kila mwanamke aliyeonekana akitoka chumbani kwangu, mtaa ulimhesabu kuwa ni mjamzito. Bibi mmoja mwenye vitukuu alipongezwa na dereva wa bodaboda pale nje, naye kwa furaha yake hakukanusha.

Daktari wa upasuaji aliitwa Dokta Swaleh, mtoto wa wakulima wa korosho wa Tunduru, aliyefanya kazi Dar na kuja kwetu kila alipopata nafasi. Kijana mpole, asiyependa haraka. Siku ya kwanza tu alimwambia Festo mbele yangu, "Inshallah tutafanya kazi vizuri. Ila tumbo lolote ambalo halijapita kwa mama huyu, mimi siligusi."

"Lakini Dokta," Festo akasema, "mafuta si yanaonekana kwa macho? Mtu akiingia mlangoni tu, mimi nayaona."

"Hata mimi nayaona. Nisichokiona ni kilicho chini yake."

Hapo tegeni sikio. Ule mrija ni wa chuma. Unaingizwa kwa tundu dogo, unakwenda mbele na nyuma ndani ya mafuta yaliyo kati ya ngozi na msuli. Daktari haoni ncha yake ilipo, anaisikia kwa mkono. Msuli wa tumbo ukiwa mzima, unamkinga mtu. Ukiwa na tundu mahali, kwenye kovu la operesheni au kitovuni, utumbo unaweza kutoka hapo ukakaa humo humo kwenye mafuta, chini tu ya ngozi. Mrija hauchagui. Utumbo ukitobolewa uchafu unamwagika ndani, na mtu aliyekuja kutafuta urembo anaondoka kwa machela, na hapo ana bahati. Ndiyo maana tunatangulia na picha. Tunapima unene wa mafuta sehemu kwa sehemu, tunaufuata msuli toka juu hadi chini, tunatafuta tundu.

Picha inaonyesha na mengine ambayo watu hawayapendi. Alikuja mfanyabiashara wa mahindi mwenye kitambi kigumu, ukikigonga kinalia kama debe. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa membamba kama chapati. Kitambi chenyewe chote kilikuwa nyuma ya msuli, kimeuzunguka utumbo, na huko mrija hauendi. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mama, mwambie Dokta atafute mlango wa kuingilia huko ndani." Nikamwambia mlango wa huko ni mdomo, na ufunguo anao mwenyewe. Alinuna, akaenda kunishitaki kwa Festo kwamba nafukuza wateja. Festo akaniita ofisini. "Mama, kazi yako ni kupiga picha, si kuhutubia." Nikamjibu kwamba picha ndiyo iliyohutubia, mimi nilitafsiri tu.

Kazi hii nilifundishwa na Sista Rozina, mtawa mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Hakuniruhusu kuishika probu, yaani kile kifaa cha kupitisha juu ya tumbo, kabla sijamtazama mgonjwa akitembea kutoka mlangoni hadi kitandani. Ameshika wapi, anajikunja wapi, anapanda kitanda kwa mkono gani. Kisha alikuwa na amri zake. Usikandamize probu kama unapiga pasi, maana mafuta yakibonyea unene unakudanganya, na kilichotoka kinarudi ndani kujificha. Mtazame amelala, halafu msimamishe umtazame tena. Mwambie akohoe. Mwambie ajikaze kama anayesukuma mtoto. Mara moja alimwamuru mzee wa kanisa, mtu mzito anayesoma masomo kila Jumapili, asimame na kujikaza kama mzazi. Mzee alitii. Sista alisema tumbo likilala linakuwa na adabu, ukitaka kuzijua tabia zake lisimamishe.

Lakini lipo jambo ambalo Sista hakunifundisha, kwa sababu wagonjwa wake walikuja wakiumwa. Anayekuja kupunguza mafuta haumwi, kwa hiyo anakuja amejipamba. Watu wa kwetu hawapokei mgeni nyumba ikiwa haijafagiliwa, na mashine waliichukulia kama mgeni. Walikuja wamejipaka poda. Wengine walishinda na njaa ili tumbo litoke vizuri kwenye picha. Mmoja aliniuliza kama atabasamu. Na kina mama walikuja wamejifunga khanga tumboni chini ya gauni, imekazwa kama mzigo wa kuni, ili Dokta asiwaone wanene. Hebu fikirini, unamwendea mtu akupunguze tumbo, halafu unamficha asilione.

Mama Deo alikuwa mmoja wa hao. Mwanamke wa Mpitimbi, mkulima wa mahindi na maharage, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya mto. Mwanawe, Shemasi Deo, alikuwa anakaribia kupadrishwa. Kwetu nyumba ikitoa padre, anayepanda daraja si mtoto peke yake. Mama naye anakuwa Mama Padre. Anapewa kiti cha mbele, na kina mama wa parokia wanagombana nani ashike kitenge cha kumtandikia apite. Siku yenyewe anatembea katikati ya kanisa akimsindikiza mwanawe kwa askofu, na hakuna jicho linalotazama pengine. Mama Deo alikuwa ameyafikiria sana macho hayo.

Alikuwa ameshashonesha gauni. Si la tumbo alilokuwa nalo, bali la tumbo atakalokuwa nalo. Yeye na fundi wake walikaa, wakakubaliana kiuno kipungue hadi wapi, fundi akakata kitambaa. Akaja nalo kituoni kwenye mfuko, akalitandaza juu ya kitanda changu, akasema, "Dada, mwambie Dokta anyonye mpaka hili liingie." Nimeona mipango mingi ya upasuaji, lakini ule ndio wa kwanza kuuona umechorwa na cherehani.

Nikamwomba apande kitandani. Nilivyofundishwa, nikamtazama anavyopanda. Mkono mmoja aliuweka chini ya kitovu na kupashikilia, halafu ndipo akajilaza. Akafungua khanga ya kwanza, chini yake kulikuwa na ya pili. Ngozi ilikuwa na mistari ya mkazo. Nikapitisha probu. Mafuta yalikuwepo ya kutosha, ya kumfurahisha daktari yeyote. Msuli umetulia. Kovu la zamani la operesheni lilishuka toka kitovuni, nikalifuata lote, sikuona kitu. Nje ya pazia Festo akauliza, "Mama, safi?"

Nikamuuliza kwanza mwenye tumbo, "Mama Deo, kujifunga hivi umeanza lini?"

"Tangu nimzae Padre," akasema, na mtoto alikuwa bado shemasi.

"Na hapo ulipopashika wakati unapanda?"

"Panajaa kidogo nikibeba ndoo. Napasukuma, panarudi. Ni chango tu, dada, mambo ya uzazi."

Nikamwambia aziache khanga zake kwangu, akanywe uji, atembee hadi barabarani na kurudi. Festo alipomwona mteja wake anatoka bila kufungwa kitu, nusura azimie. "Sasa unampeleka wapi? Dokta yupo, chumba kipo tayari." Nikamwambia tumbo lilikuwa limefungwa kifuniko, naliacha lipumue.

Aliporudi nilimsimamisha. Nikaigusisha probu kwa wepesi kabisa. "Kohoa, mama." Mstari wa msuli ukatikisika. "Sasa jikaze, kama siku ile unamleta Deo." Akajikaza. Msuli ukaachana pale pale kwenye kovu, na utumbo ukateleza nje taratibu, ukaingia kwenye mafuta, ukakaa. Hewa yake inang'aa, unajinyonganyonga kama kawaida ya utumbo. Nasema wazi, niliogopa. Muda mfupi tu nyuma, kwa picha ya kulala, hapo palikuwa mahali pazuri pa kupitisha mrija.

Nikamwita Dokta Swaleh. Akaangalia, akamwomba mama arudie, akapapasa kwa vidole mwenyewe. "Mama, hii ni ngiri. Inabidi ishonwe kwanza, hospitali kubwa. Mafuta leo sinyonyi."

Mama Deo akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Ngiri? Mwanangu, ngiri ni ya wanaume. Sisi wanawake tuna chango. Unataka nirudi Mpitimbi niseme Mama Padre ana ngiri?"

Msicheke sana, wanangu, maana mtakutana nalo. Kwetu ngiri imepewa jinsia. Mwanamume akiwa nayo wanamnong'ona. Mwanamke akiwa nayo hawajui hata wamnong'one vipi, kwa hiyo anaifunga khanga na kunyamaza.

Festo alikuwa ameshaingia. "Dokta, si tunyonye huku pembeni? Hapo katikati tunaparuka."

"Bwana Festo," Dokta akasema, "utumbo haujui pembeni."

Mama Deo hakusubiri. Alilikunja gauni lake akalirudisha kwenye mfuko, akaanza kutafuta khanga zake. Alikuwa na hasira na macho yamelowa. "Sawa. Wapo wanaofanya bila mashine. Nimepewa namba ya mtu Dar, anafanyia nyumbani, hana maswali mengi kama nyie. Upadrisho umekaribia. Nitakwenda kwake."

Dokta alimweleza mengi, kwa lugha nzuri, kuhusu tundu, maambukizi na shinikizo la tumbo. Alikuwa sahihi kwa kila neno, na kila neno lilimpita mama huku anafunga fundo. Hata mimi ningemweleza yasingeingia. Mtu anayekimbia aibu humkamati kwa elimu. Nikamwomba kitu kimoja tu, asimame mara moja zaidi, nimgeuzie kioo cha mashine aone mwenyewe. Akakubali, nadhani kwa kuniheshimu umri.

"Kohoa. Jikaze."

Akaona. Akainama karibu na kioo. "Hicho kinachotambaa ni nini?"

"Utumbo wako."

"Uko wapi?"

Nikaweka kidole juu ya tumbo lake. "Hapa. Kati yake na kidole changu ni ngozi na mafuta, hakuna kingine."

Nikamuuliza jana alikula nini. "Ugali na likolo," akasema. Mboga za majani, chakula cha nyumbani. Nikamwambia, "Basi hapo ndipo likolo lako linapita."

Akaendelea kutazama. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Na huyo wa Dar, akiingiza mrija wake hapa?"

"Atadhani ni mafuta."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kwa hiyo misa yake ya kwanza," akasema, "Deo angeisoma kunizika mimi."

Festo mwenyewe alitazama chini. Mama Deo akalia, na mimi niliyezoea kujikaza nililia naye. Nikampa khanga yake ajifute. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ile aliyokuwa ameipa.

Dokta Swaleh alimwandikia kwenda hospitali kubwa, ngiri ikashonwa, akapona vizuri. Kijijini aliaga kwamba anakwenda Hanga kwa watawa, kwenye mafungo, kumwombea mwanawe. Watu wakamsifu kwa imani yake. Gauni ikabidi lirudi kwa fundi, akaongeza vipande vya kitenge kingine pande zote mbili kwa sababu kile cha kwanza kiliisha dukani. Kina mama wa parokia wakadhani ni mtindo mpya, na tangu siku hiyo nimeona magauni mazima yasiyo na kosa lolote yakikatwa pembeni ili yatiwe vipande.

Siku ya upadrisho nilikuwepo. Mama Deo alipita katikati ya kanisa na tumbo lake lote, na hakuna aliyelisema. Kwa furaha aliyokuwa nayo watu waliona amependeza, na kwa kuwa walishamwona akiingia kwa Festo, wakaamua wenyewe kwamba amenyonywa. Kwenye chakula nilisikia meza nzima ikimpongeza Festo. Festo alikula pilau yake bila kukana wala kukubali, anatikisa kichwa tu kwa unyenyekevu. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza kama inauma.

Kisha Mama Padre akapewa kipaza sauti atoe shukrani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru askofu, akashukuru waliochinja na waliopika. Tulidhani amemaliza, wapiga ngoma wakainua mikono.

"Ngojeni," akasema. "Nasikia mnasema nimenyonywa mafuta. Sikunyonywa. Mafuta yangu haya hapa, ninayo yote. Nilikuwa na ngiri. Na kule Hanga sikwenda, nilikwenda kushonwa. Padre, mwanangu, nisamehe, hata wewe nilikudanganya. Tangu nilipokuzaa nimeifunga kwa khanga, na nilikuwa radhi kufa nayo ili gauni liniingie mbele ya watu. Kama yupo mwanamke hapa anayejifunga hivyo, mimi Mama Padre namwambia ajifungue, aende akatazamwe."

Wapiga ngoma hawakujua wapige au waache. Askofu aliitazama sahani yake. Padre mpya aliondoka kitini, akaenda akamkumbatia mama yake, na hapo ndipo kigelegele cha kwanza kilipotoka, kimechelewa, kutoka meza za nyuma kabisa.

Jumatatu yake benchi la kituo lilijaa kina mama. Festo alizunguka akiwa na furaha, anawaambia wafanyakazi kwamba bango hatimaye limeanza kufanya kazi. Sikuwa na haja ya kumharibia asubuhi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kunyonywa. Walitoka Mpitimbi na kwingineko, wengine wamejifunga tangu enzi ambazo mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa Sista. Nilimpima mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa na mafuta tu, nikawarudisha nyumbani salama. Wengine hawakuwa na mafuta tu.

Wa mwisho alikuwa bibi mkongwe, mwembamba, hana hata mafuta ya kukaangia yai. Nikampa shikamoo, akaitikia, lakini hakupanda kitandani. Alisimama katikati ya chumba ameshika fundo la khanga yake kwa mikono miwili.

"Kabla sijafungua nikuulize, mwanangu," akasema. "Nimesikia mama wa padre anayo. Mimi sina padre. Mwanangu anachoma matofali tu. Na mimi naruhusiwa kuwa nayo?"

Nikamwambia, "Unaruhusiwa, mama." Ndipo akalegeza fundo.